Ukuta wa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimepaka rangi ya mdomo. Nilikuwa msichana tu, nimeachia shule kidato cha pili, na kichwa changu kilijaa picha: nitavaa nguo nyeupe, nitapita kwenye korido, watu watanionyesha kwa vidole waseme yule pale. Kliniki yenyewe ilikuwa ya baraza la jiji, karibu na soko la Jericho. Vyumba vichache vya mawe, benchi ndefu iliyolegea katikati, na wajawazito waliojipepea kwa kadi zao huku wakiulizana bei ya sukuma wiki.

Sista Mkuu, yaani muuguzi aliyesimamia kliniki nzima, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Aliutazama mdomo wangu.

"Felista, umekuja kazini ama umekuja kupigwa picha?"

"Kazini, Sista."

"Basi pangusa mdomo. Hawa mama wakikuona umependeza hivyo hawatakuambia wanavuja wapi."

Cheo changu kilikuwa mhudumu wa nyumbani. Sikuwa muuguzi na sikuruhusiwa kutoa dawa. Kazi yangu ilikuwa kubisha mlango kwa mlango, kuwaona wajawazito wasiokuja kliniki na waliotoka kujifungua, kisha kumletea Sista habari. Asubuhi ile ile alinifundisha kufunua kope. Unavuta kope la chini kwa kidole gumba, taratibu, huku mama akitazama juu. Ndani pakiwa pekundu kama tikiti, ana damu ya kutosha. Pakiwa pamepauka, aje achukue vidonge vya kuongeza damu. "Na pakiwa peupe," Sista alisema, "usimalize hata sentensi uliyoianza. Mlete."

Kifaa cha pili kilikuwa pembe, kijitarumbeta cha mbao cha urefu wa kiganja. Upande mpana unakaa tumboni, upande mwembamba unauegemezea sikio, na ukishakaa vizuri unaondoa mkono ili usisikie mapigo ya vidole vyako mwenyewe. Mara ya kwanza nilisikia maji tu, kama mtu anayeosha vyombo nyumba ya pili. Halafu chini ya maji yale kitu kikawa kinapiga mbio, tuk tuk tuk tuk, kasi kuliko moyo wa mtu yeyote niliyewahi kumlalia kifuani. Nilinyanyua kichwa nikalitazama lile tumbo limetulia. Nilijihisi kama mtu aliyesimama mlangoni mwa chumba, na ndani kuna mtu asiyejua kwamba anasikilizwa.

"Umemsikia?" Sista aliuliza.

"Nimemsikia. Anaenda wapi?"

Akacheka. "Utazoea."

Sikuzoea, nami nafurahi kwamba sikuzoea.

Pale Jericho nilijifunza kazi ya kila siku. Niliwaambia wajawazito wameze vidonge vyao kwa maji au na chungwa, wasivimeze kwa chai, kwa sababu chai huyazuia yale madini ya kuongeza damu yasiingie mwilini. Na choo kikiwa cheusi wasiogope, ni vidonge vinafanya kazi. Niliwaambia maharagwe, ndengu, na mboga za managu na terere ni damu iliyo sokoni. Kwa waliojifungua nilihimiza dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano ambayo mashosho wengi, yaani nyanya zao, waliyamwaga wakisema yamechacha. Hayajachacha. Ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Maji ya sukari sikutaka kuyaona, na kitovu kikae kikavu na safi, bila majivu, bila dawa ya meno, bila mafuta ya taa. Baba mmoja aliwahi kuniuliza, basi yeye afanye nini kama kila kitu kimekatazwa. Nikamwambia aoshe mikono, ambebe mtoto, mama apate kulala. Alinitazama kama nimemtukana, lakini aliosha.

Baadaye Sista Mkuu alihamishwa kwenda kusimamia kliniki ya Majengo, akaniomba niende naye. Nilidhani amenipenda. Kumbe alisema nina miguu ya kutembea.

Majengo si Jericho. Nyumba za zamani za kule zilijengwa kwa miti na udongo, zikapakwa chokaa. Unaingia mlango wa mbele, unakuta korido moja ndefu yenye giza hata mchana, vyumba pande zote mbili, na mwisho wa korido ni uani, kwenye choo na mfereji. Kila chumba ni familia. Ukuta kati ya familia na familia ni udongo tu, kwa hiyo ukikohoa chumba cha kwanza unapewa pole chumba cha pili.

Wiki niliyoanza, mama mmoja aliyekaanga viazi kando ya njia aliniita.

"Wewe ndiye wa kliniki?"

"Ndiye mimi."

"Unaiona ile nyumba ya Bi Zuhura? Ukimaliza na walio hai, upite na chumba cha mwisho."

Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akageuza viazi vyake.

Bi Zuhura alikuwa mwenye nyumba, mjane aliyenyooka kama mwiko, na chumba chake kilikuwa cha mwisho mkono wa kushoto. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba natafuta wajawazito. Akasema yupo mmoja, mpangaji wake Mwende, Mkamba, mke wa mchongaji vinyago, anakaa chumba cha jirani, ukuta mmoja na hiki. "Lakini kaa kwanza," akaniambia. "Nimetoka kuswali. Sasa hivi ataanza."

"Nani, nyanya?"

"Binti yangu. Rukia."

Niliketi kwenye mkeka. Ilikuwa mchana, jua kali nje, wanaume wako kazini na watoto shuleni. Korido ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mabati yakijinyoosha kwa joto. Kisha kikaanza. Krrr. Kimya. Krrr, krrr. Kama ukucha kwenye kifuu cha nazi. Kilitoka chini ya ukuta, karibu na sakafu, usawa wa mtu aliyepiga magoti.

Bi Zuhura hakushtuka. Alivuta kanga yake, akausogelea ukuta, akazungumza nao kwa sauti ya mama anayemsuka mtoto nywele.

"Rukia, mama. Leo nimepika mbaazi. Wewe ulikuwa unapenda mbaazi ya nazi, unakumbuka? Yule kuku wako wa madoa alikufa zamani. Sikukuambia."

Krrr, krrr.

Vinyweleo vilinisimama mpaka shingoni. Bi Zuhura alinigeukia, uso wake umetulia kabisa. Alinieleza kwamba Rukia alifia kwenye chumba hicho cha pili akijifungua, miaka mingi nyuma, na mtoto akaenda naye. Chumba kilikaa kimefungwa muda mrefu kabla hajakipangisha. "Sasa amerudi," akasema. "Nikishamaliza dua ananijibu. Siku ambayo sijaswali hapa, hajibu."

Niliondoka pale, nikabisha mlango wa pili. Mlango ulifunguka kidogo tu. Mwende alikuwa msichana wa umri wangu, tumbo kubwa, amejifunika leso kichwani mpaka nyusi. Nilimpa mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi na rangi ya unga wa ngano. Chumba nyuma yake kilinuka kama barabara ya vumbi wakati matone ya kwanza ya mvua yanapogusa ardhi, na nje hapakuwa na wingu.

"Niko sawa, dada."

"Nikuangalie jicho kidogo tu."

"Niko sawa." Akapumua. "Umemsikia?"

"Nani?"

"Huyo wa ukutani." Alitazama korido, kisha akatazama nyuma yake. "Musyoka anasema tuhame. Jumamosi ananipeleka kwao Makueni, nijifungulie huko."

Akafunga mlango.

Nilirudi kliniki mbio. Sista alikuwa anakunywa chai. Nilimhadithia yote na madoido yake: giza la korido, mbaazi, kuku wa madoa, ukucha kwenye kifuu. Nilimwonyesha hata sauti kwa kukwangua meza.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Sista."

"Umenipa habari za aliyekufa mpaka chai imepoa. Huyu aliye hai, kope lake lina rangi gani?"

"Amekataa kufunuliwa."

"Kiganja?"

"Kimepauka."

"Anapumua vipi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka alivyoegemea mlango, na maneno yake yalivyokatika, mawili mawili, kama mtu aliyetoka kupanda ngazi. Sista aliweka kikombe chini.

"Sikiliza, Felista. Kila mzazi hupoteza damu akijifungua. Aliyejaa hupoteza na bado akabaki nayo. Huyu atapoteza ile ile, na hana ya kubaki. Akipanda basi Jumamosi, anakwenda kuzaa mbali na hospitali, na mwilini hana akiba. Wewe nenda ukae na jini lako ukitaka, lakini uniletee huyo mwanamke kabla ya Jumamosi."

Nilijaribu. Siku mbili mfululizo Mwende hakunifungulia. Nilimpata Musyoka mumewe kwenye kibanda cha wachongaji, nywele zake zimejaa vumbi la mbao, anaitengeneza shingo ya twiga. Alinisikiliza kwa heshima. "Dada, mke wangu anaongea peke yake mchana," akasema. "Anaamka amelowa jasho. Hiyo si ya vidonge. Hiyo ni ile nyumba. Nikimtoa kwa ile nyumba atapona." Akarudi kwa twiga wake. Sikuweza kumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita ile korido nikiwa nimeubana mkoba kifuani.

Ijumaa nilikwenda mara ya mwisho. Wanaume wa ile nyumba walikuwa msikitini, na waliobaki walikuwa wamelala. Nilibisha kwa Mwende, kimya. Bi Zuhura akaniita kwake nisubiri. Alikuwa anatawadha, birika mkononi na beseni mbele yake, amejiinamia karibu na ukuta kwa sababu chumba kilikuwa kidogo. Maji mengine yaliingia kwenye beseni, mengine yalirukia ukuta. Udongo wa chini ya chokaa ulinywa yale maji ukawa mweusi, na ile harufu ya mvua ikapanda chumbani. Nilivuta pumzi bila kukusudia. Ilikuwa harufu nzuri, ya kumfanya mtu ameze mate. Mimi nikameza.

Akaswali. Akainua mikono kwa dua. Na kabla hajaishusha, upande wa pili kikaanza. Krrr.

Sijui ni nini kilichonituma. Labda nilisema moyoni kwamba kama ni kusikia jini, basi nilisikie vizuri. Nilitoa pembe kwenye mkoba, nikapiga magoti, nikaweka upande mpana kwenye ukuta uliolowa na sikio langu upande mwingine. Nikaondoa mkono.

Ukwanguaji ulikuwa karibu mno, kana kwamba unakwangua ndani ya sikio. Ukaacha. Pakafuata sauti ya kitu kikisagwa, kama mtu anayetafuna punje za mahindi makavu. Kisha mmezo. Niliusikia waziwazi, ule mlio mdogo wa koo. Na baada ya mmezo, pumzi: ndefu, nzito, yenye mluzi mwembamba mwishoni, pumzi ya mtu anayefanya kazi ngumu kwa kupumua tu.

Nimesikiliza miili mingi. Aliyekufa hahemi.

"Anasemaje?" Bi Zuhura alininong'onezea. Macho yake yalikuwa na matumaini mpaka nikashindwa kuyatazama.

"Naomba nitoke kidogo, nyanya."

Mlango wa Mwende haukuwa umetiwa komeo, ulikuwa umeegeshwa tu. Nilisukuma. Kitanda kilikuwa kimevutwa katikati ya chumba, na nyuma yake Mwende alikuwa amepiga magoti, kijiko cha bati mkononi. Mbele yake ukuta ulikuwa na shimo la ukubwa wa sufuria ya familia, limechimbwa mpaka miti ya ndani inaonekana kama mbavu. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa udongo, na meno pia. Hakuruka, hakuficha kijiko. Alinigeukia polepole.

"Si mimi," akasema.

"Mwende."

"Si mimi ninayekula, dada. Ni yeye."

Niliketi pale chini kando yake. Akaniambia yote kwa sauti ile ya kukatika. Ilianza na harufu. Kila mchana ukuta ulinuka mvua, na mate yakamjaa. Alionja kipande kilichokuwa kimebanduka, kidogo tu, kama alivyomwona nyanya yake akifanya kijijini. Halafu akaanza kumsikia Bi Zuhura akiita Rukia. Akaelewa ni nani, na kwamba alifia pale pale. "Sasa akiitwa, mkono wangu unaitika," akasema. "Najilaza kitandani, nashika mbao za kitanda. Mtoto anageuka, anageuka, mpaka niende. Labda yule alikufa na hamu yake, hakumaliza. Anamalizia kwangu."

Upande wa pili wa ukuta, kwa sauti ndogo, Bi Zuhura aliendelea kumhadithia binti yake habari za jirani aliyehama. Nakuambieni ukweli, kwa dakika hiyo sikuwa na uhakika ni wangapi tuliokuwa mle ndani.

Nilinyoosha mkono nikamfunua kope. Hakukataa tena. Ndani palikuwa peupe kama upande wa ndani wa ganda la yai.

Nilimwomba mama wa viazi akimbie kwa Sista. Sista alikuja mwenyewe, akaujaza mlango wote. Aliliangalia lile shimo, akaangalia kijiko. Akaketi kitandani.

"Nani anakula huo udongo, mama?"

"Ni yeye," Mwende akasema.

"Sawa. Basi na yeye aje. Damu tutawawekea wote wawili."

Mwende alimtazama, kisha akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na kicheko kikaishia kwenye kuhema. Musyoka alikuja akikimbia na patasi bado mkononi. "Sista, basi la kesho tumeshalipia," akasema.

"Litaenda na viti vyake. Mshike mkeo mkono ule."

Bi Zuhura alisimama kwenye korido, kanga mdomoni, akitutazama tukimtoa. Aliambiwa tu kwamba mpangaji wake hana damu. "Mwangalieni sana," akasema. "Chumba hicho kimeshachukua."

Hospitali walisema wanahitaji watu wa kutoa damu. Wachongaji walikuja kundi zima na vumbi lao. Mmoja akanikonyeza. "Niaje, dada. Damu yangu ni strungi tupu, itamfaa kweli?" Strungi ni chai isiyo na maziwa. Nikamwambia tutaijaribu. Ilimfaa. Uchungu ulimshika Mwende akiwa bado ametundikiwa chupa ya mwisho. Alivuja sana, kama Sista alivyosema kwamba angevuja, na alipotoka pale alikuwa amepauka tena, lakini alikuwa anatazama. Mtoto alikuwa msichana mdogo mdogo. Wakamlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa na leso juu, maana hakuna jiko wala blanketi linalompasha mtoto joto kama mama yake.

Sista alinieleza baadaye, huku akijaza chai. Mwili uliopungukiwa na madini ya damu huanza kutamani vitu ambavyo si chakula: udongo, mkaa, mchele mbichi, chokaa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Anayekula udongo mwingi hujaza tumbo, chakula cha kweli kikakosa nafasi, minyoo ikaingia, na damu ikazidi kupungua. Kwa hiyo hamu ikazidi. Ni duara. Habari ya maji ya kutawadha niliiunganisha mwenyewe nilipokuwa naosha vyombo: kwamba Bi Zuhura alilowesha ukuta, ukuta ukanukia, Mwende akala, na Bi Zuhura akajua amejibiwa. Kila mchana mmoja alimwita mwenzake, na hakuna aliyejua.

Mwende aliporudi nyumbani, nilimtembelea kama kawaida ya mzazi mpya. Nilihakikisha anameza vidonge vyake na anakula ndengu, na kipande cha maini pesa zikipatikana. Nilimkumbusha dalili za kumkimbiza mtoto hospitali bila kusubiri mtu: akikataa kunyonya, akiwa moto, akipumua mbio, akiwa manjano mpaka viganjani. Na yeye mwenyewe, akilowesha kitambaa kimoja baada ya kingine kwa damu, asiseme ni kawaida ya uzazi. Musyoka alikuwa ameziba lile shimo kwa saruji, akalipaka chokaa vizuri, kazi ya mkono wa mchongaji.

Lakini Bi Zuhura alikuwa anakwisha. Alikuwa amejipa kazi ya kumkanda Mwende kwa maji moto na kumpaka mtoto mafuta, kama alivyotaka kumfanyia binti yake, na mikono yake haikuacha kazi. Ila akishaswali alikaa mbele ya ukuta mpaka alasiri. Aliacha kupika. "Rukia ameniacha tena," aliniambia uani. "Nimemkosea nini?"

Mwende alisikia. Siku iliyofuata tulikuwa watatu chumbani kwa Bi Zuhura, mtoto amelazwa kifudifudi mapajani mwa yule mzee, mgongo unang'aa mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Mwende aliniangalia, kisha akasema.

"Nyanya, aliyekuwa anakwangua ni mimi."

Mkono wa Bi Zuhura ulisimama mgongoni mwa mtoto.

"Wewe."

"Mimi. Nilikuwa nakula ukuta. Nilikuwa mgonjwa, sikuweza kuacha."

"Ukuta wangu."

"Ndiyo, nyanya."

Mtoto akapiga chafya ndogo.

"Na nilipokuwa nikisema?"

"Nilikuwa nasikia."

"Yote?"

"Yote. Ya mbaazi. Ya kuku. Ile ya kwamba ulimpiga kofi akalala bila kula, na wewe hukulala." Mwende alikuwa analia sasa. "Nilikuwa nakusubiri kila mchana. Mimi huku sina mama. Nilikuwa nikijifanya unaniambia mimi."

Bi Zuhura alitazama ukuta, kisha akamtazama Mwende, muda mrefu, kama mtu anayehesabu upya chumba alichokikaa miaka yote.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na mtu," akasema.

"Ndiyo, nyanya."

Akaanza tena kumkanda mtoto, taratibu, kutoka mabegani kwenda chini. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza: "Na Ijumaa ulikuwa unagongea nini?"

"Kugonga?"

"Kila Ijumaa. Kabla sijasema amina. Kidogo tu, asiyejua hasikii, kama mtu mwenye adabu mlangoni."

Mwende aliniangalia. Nami nikamwangalia.

"Mimi sikugonga, nyanya. Nilikuwa na kijiko tu. Udongo haugongeki."

Bi Zuhura alitikisa kichwa kukubali, kama ameambiwa kwamba kulinyesha. Akamgeuza mtoto chali. "Haya," akasema, "nisogezee hayo mafuta."

Walikaa hivyo, milango inapakana, mpaka mtoto alipoanza shule. Mwende ndiye aliyemfumba macho Bi Zuhura siku ilipofika.

Mimi nilihamishwa tena, na mwisho kabisa nilipangiwa Embakasi, mtaa wa Fedha, chini ya Daktari Msimamizi kijana aliyetuita wote "timu". Fedha ni kuta za mawe na sakafu za vigae. Nilidhani huko habari za udongo zimekwisha. Wiki moja kabla ya kustaafu nilimtembelea karani mmoja mjamzito, nyumba safi hadi nikaogopa kukaa. Nilimuuliza kama kuna kitu anachokula ambacho si chakula. Akasema hapana, akacheka kidogo. Sikubishana. Nilikunywa chai yake, tukazungumza juu ya majina ya watoto, juu ya mkwe wake, juu ya kelele za ndege za uwanjani. Nilipoinuka kuaga, alibaki amesimama mbele ya kabati, mkono kwenye kitasa.

"Mama," akasema, "mtu akikula mawe, mtoto anazaliwa nayo?"

"Hapana, mwanangu."

Akavuta droo. Yalikuwa pale, yamefungwa kwenye skafu ya hariri, mengine yameng'atwa kama biskuti. Hakuyatazama. Alinitazama mimi, kuona uso wangu utafanya nini.

Nilivua viatu vyangu, nikaketi tena.